Tunacho Kimoja

Jina la Spidi alipewa kwa dhihaka, naye akalivaa kama nguo aliyoishona mwenyewe. Watoto wa mtaa ndio waliolitunga, enzi zile akijifunza kutembea kwa magongo, baada ya ugonjwa wa utotoni kuuacha mguu wake wa kushoto ukining'inia kama mkono wa shati lililokosa mwenyewe. Walijipanga kando ya barabara, mmoja akapiga mluzi, kisha wote kwa pamoja: "Pisheni, jamani! Spidi huyo anapita, msije mkagongwa!"

Yeye akasimama, akajifuta jasho, akasema, "Ngojeni nifike hapo."

Wakangoja kidogo, wakachoka, wakaenda kucheza. Jina likabaki.

Mama yake mdogo ndiye aliyeligeuza. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na pini nyingi, zote kazibana midomoni, na labda ndiyo sababu ya uchache wa maneno. Alimketisha binti mbele ya cherehani cha mkono, kile ambacho mkono mmoja unazungusha gurudumu na mwingine unaongoza kitambaa, akatema pini, akasema, "Mguu umelala. Sawa. Mikono nayo ukiilaza, nitakuchapa."

Mikono haikulala. Binti alipokuwa mtu mzima, mtaa wote ulikuwa ukisema, "Mpelekee Spidi. Ukimaliza kuongea na jirani, nguo imeshakwisha." Wale wale waliompigia mluzi sasa walimletea mashati yao ya harusi, naye aliwapima mabega bila kuwakumbusha kitu, ila mara moja moja aliubana utepe wa kupimia shingoni mwa mmoja wao kuliko ilivyohitajika.

Alipenda kola kuliko sehemu nyingine yoyote ya shati. Kola ndiyo uso wa shati, alisema. Ikipinda, hata mwenye shati awe hakimu, ataonekana katoka kulewa. Alikuwa na namna yake ya kuigeuza ncha kwa kidole gumba kabla ya kuipitisha kwenye sindano, ncha ikatoka kali kama mdomo wa ndege, na namna hiyo hakuwa na maneno ya kuieleza. Ilikaa kidoleni.

Sasa, siku moja redio ilitangaza sheria mpya. Spidi alikuwa akiishi na kaka yake na mke wa kaka, na wote watatu walikuwa sebuleni, wifi akichambua mchele kwenye ungo.

"Umesikia hiyo?" kaka akasema. "Kila kiwanda kikubwa lazima kiajiri watu wenye ulemavu. Lazima!"

"Sitaki mtu alazimishwe kunitaka," Spidi akasema.

"Ajira si ndoa, dada'angu. Hakuna anayekutaka wewe. Wanaitaka kazi yako."

Wifi akacheka peke yake. "Hata hizo ndoa zenyewe, wifi, ungejua!"

"Umesema?" Kaka akageuka.

"Nachambua mchele, baba watoto."

Maneno ya kaka yalimwingia Spidi. Baadaye aliyakumbuka kwa hasira, maana mambo yalikuja kuwa kinyume chake: kiwandani walimtaka yeye. Kazi yake ndiyo waliyoikataa.

Kiwanda chenyewe kilishona mashati na sare za shule. Chini palikuwa na mapokezi, ghala na ofisi za wakubwa. Juu, baada ya ngazi ndefu ya saruji isiyo na kishikio upande wa ukuta, ulikuwa ukumbi wa kushonea, na mngurumo wake ulishuka hadi mlangoni kama mvua inayonyesha kwa jirani. Siku ya usaili Spidi aliusikia mngurumo ule akajiona tayari yumo ndani yake.

Kwenye benchi la kusubiria alimkuta dada mmoja kiziwi, mshona vifungo. Hawakuwa na lugha moja, lakini wote wawili walikuwa mafundi. Yule dada akatoa kipande cha kitambaa mkobani, akamwonyesha matundu ya vifungo aliyoyatarizi kwa mkono, yamekaa mstari mmoja kama meno ya mtoto. Spidi akatoa kola yake. Kila mmoja akaichunguza kazi ya mwenzake upande wa nyuma, maana mbele hudanganya, kisha wakatazamana, wakacheka. Ulikuwa usaili tosha. Kama wangeachiwa wao, wangeajiriana palepale.

Afisa wa wafanyakazi akatoka ofisini, kijana wa tai fupi na viatu vya ncha ndefu. Hakuuliza kola wala tundu la kifungo. Aliwatazama, akatazama magongo, akamnyooshea kidole Spidi.

"Wewe unaonekana vizuri zaidi. Karibu kazini."

"Na mwenzangu?"

"Kwa ukubwa wetu, sheria inatutaka tuwe na mmoja. Mwambie tutamwita."

"Nimwambie vipi, na wewe ndiye unayemkataa?"

Afisa akapunga mkono hewani, ishara ambayo haimo katika lugha ya mtu yeyote. Yule dada akakikunja kitambaa chake, akakirudisha mkobani, akamshika Spidi bega wakati wa kupita. Hakuitwa.

Asubuhi ya kwanza Spidi alipelekwa kwenye kiti. Kilikuwa kiti kizuri, hilo lisemwe: mto mwekundu, mgongo mrefu, kimewekwa mapokezi mkabala na mlango, kando ya chungu cha maua ya plastiki. Afisa akasema, "Kaa hapa kwanza."

Hilo neno "kwanza" halina mwisho. Lilichukua asubuhi, likachukua wiki, likachukua msimu mzima wa sare za shule, na wenzake juu walishona hadi macho yakawawasha ilhali yeye kakaa anayahesabu maua yasiyonyauka. Kila alipouliza kazi, Afisa alikuwa na jibu lilelile.

"Ukumbi uko juu, dada. Ngazi unaziona."

"Naziona. Nishushieni cherehani kimoja. Mguu wangu wa kulia unakanyaga pedali vizuri tu. Hapo chini ya ngazi pana nafasi na pana swichi ya umeme."

"Utaratibu hauruhusu. Vyerehani hushuka vikiharibika tu."

Na kweli vilishuka. Hilo ndilo lililomchoma. Kila mara wapagazi wawili wa kiwanda, wanaume wa mabega kama makabati, waliteremka ngazi wamebeba cherehani kibovu, "Taratibu, taratibu, huyo mgonjwa!", wakakilaza pale chini ya ngazi, mahali ambapo wafanyakazi walipaita wodini. Hapo mzee fundi wa mitambo, ambaye wote walimwita Daktari, alikifungua kifua, akakitia mafuta, akakipapasa, kisha wapagazi wakakipandisha kimepona. Chuma kilishuka na kupanda, mtu akabaki pale pale. Kwa cherehani kilichokatika mkanda palikuwa na mabega manne tayari. Kwake palikuwa na maua ya plastiki.

Karani wa mapokezi, mwanamke mnene mchangamfu aliyekaa naye siku nzima, alijaribu kumtuliza. "Shoga, mwenzio nikipata mshahara wa kukaa, nitalala hapa hapa."

"Basi tubadilishane."

"Magongo sitaki. Kiti nakitaka."

Wakacheka, na kicheko kikaisha haraka.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Wifi yake alikuwa na ulimi usiolala, na utani wa wifi ni haki yake, nani atamzuia? "Mwenzetu kapata! Wengine wanalipwa kwa jasho, wifi yangu analipwa kwa makalio! Hebu nionyeshe, yana cheti?" Spidi alimrushia kandambili, ikampita. Kaka akasema, "Lakini dada, mshahara si unaingia? Tatizo lako ni nini hasa?"

Tatizo lake lilijionyesha jioni moja, jirani alipomwomba amshonee mwanawe shati la shule. Alikitoa cherehani cha mkono cha marehemu mama mdogo, akazungusha gurudumu, akafika kwenye kola, akaigeuza ncha kwa kidole gumba. Ncha ikatoka butu. Akafumua, akarudia. Ikatoka butu tena, imelala upande kama mtu anayesinzia kwenye mkutano.

Wifi, aliyekuwa mlangoni na mzaha mwingine tayari mdomoni, aliona uso wake, akaumeza mzaha huo. Akasema kwa sauti ndogo, "Umechoka tu, wifi."

"Nimechoka na nini? Nimefanya nini cha kunichosha?"

Kidole kilikuwa kinasahau. Waliompa mshahara walikuwa wanaununua usahaulifu wake, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Alifumua ile kola mara ya tatu na machozi yakamtoka, na yalikuwa machozi makali, ya aina ile inayounguza shavu.

Siku chache baadaye, akiwa kitini, alimsikia Bosi akizungumza kwenye simu. Bosi, mwenye kiwanda, alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine, na mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi nusu. Mngurumo wa juu ulikuwa ukiyakata maneno.

"Aa, sisi tunacho kimoja!" Bosi alisema na kucheka. "Kimoja kinatosha. Kiko hapa chini, kimekaa tu, hakifanyi kitu..."

Kisha mlango ukasukumwa na upepo, ukajifunga.

Moyo wa Spidi uliruka. Kiko chini! Kimekaa tu! Kumbe kuna cherehani chini, labda ghalani, kimefunikwa turubai, hakuna anayekitumia, na Afisa yule wa tai fupi anamwambia vyerehani havishuki! Alinyanyuka kabla hajajua kama amenyanyuka, magongo yakalia kwenye sakafu, ko, ko, ko, hadi kwa Afisa.

"Nimesikia mnacho cherehani kimoja hapa chini kimekaa bure. Nipeni mimi. Kama kimeharibika, Daktari atakitengeneza. Nipeni leo."

"Cherehani gani?"

"Nimemsikia Bosi kwa masikio yangu, kwenye simu. Tunacho kimoja, kiko chini, hakifanyi kitu."

Afisa alimtazama. Kisha uso wake ukaanza kujikunja kama mtu anayezuia chafya, akajifanya anatafuta kalamu uvunguni mwa meza, na huko uvunguni mabega yake yakatikisika. "Nitaulizia, dada," alisema kutoka huko chini. "Nitaulizia."

Spidi akarudi mapokezi haelewi. Akamsimulia Karani, na Karani hakucheka. Yeye alikaa karibu zaidi na mlango ule, naye alisikia mazungumzo yote.

"Shoga," alisema, "keti kwanza."

"Nimechoka kuketi. Sema."

"Bosi alikuwa anaongea na rafiki yake mwenye kiwanda cha viatu. Huyo rafiki aliuliza ile sheria ya walemavu wanaifuata vipi." Karani alijishika vidole. "Bosi akamwambia, sisi tunacho kimoja, kiko chini, kimekaa tu, hakisumbui. Wakija wakaguzi wanakiona, mambo yanaisha. Akamwambia, na wewe tafuta kimoja." Akaelekeza kidevu kwenye kile kiti. "Si cherehani, shoga. Ni wewe."

Palikuwa na mgeni mlangoni anasubiri kuhudumiwa. Karani hakumtazama. Spidi alisimama kati ya kiti na chungu cha maua, akayajaribu maneno yale kimoyomoyo kama mtu anayeonja mchuzi uliochacha. Tunaye mmoja. Tunacho kimoja. Ni silabi tu. Lakini mtu husemwa tunaye. Mbwa wa mlinzi, tunaye. Hata kuku anayetagia uvunguni, tunaye! Kinachosemwa tunacho ni kikombe, kijiko, kiti. Alijua fika kwamba neno kiwete lilizaliwa na ki yake mbele, kama kipofu, kama kiziwi. Wakubwa wa lugha waliwatupa huko kwenye rafu ya vyombo zamani sana, na hakuna aliyewauliza. Hata hivyo wakubwa hao walisema kiwete amekuja, kiwete amekula, kiwete amelala. Hawakuthubutu kusema kimekuja. Bosi alithubutu. Bosi alimaliza kazi ambayo wazee waliionea haya.

Na yeye mwenyewe, hilo ndilo lililomtia wazimu, yeye mwenyewe alisikia akaelewa cherehani. Akaenda kuomba apewe. Amemwomba Afisa apewe yeye mwenyewe!

Usiku ule hakula. Kaka aliuliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, na kwa mara ya kwanza Spidi aliona jinsi sentensi hiyo ilivyo ya kweli.

Kesho yake hakwenda kitini. Wapagazi walikuwa wameteremsha cherehani jana yake, Daktari amekwisha kukitibu, kinang'aa mafuta, kinasubiri kupandishwa. Spidi aliweka magongo ukutani, akaketi kwenye kigoda cha Daktari, akawasha swichi. Akachukua kitambaa cha kufutia mafuta, akakikunja, akakishona. Cherehani kikaimba.

Daktari alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama. Alikuwa mzee wa maneno ya mzunguko.

"Mwanangu, huyo mgonjwa wangu."

"Amepona, Daktari. Nimempima."

"Akipona, anapanda juu." Mzee alikunywa chai taratibu. Alimtazama usoni, na nadhani Karani alikuwa ameshampa habari, maana Karani na siri hawakupata kulala nyumba moja. "Lakini mimi ndiye daktari hapa, si wewe. Mimi nasema bado ana homa."

"Homa gani?"

"Homa ya vipindi. Hii huwa inachukua muda sana."

Tangu siku ile cherehani kile kikawa mgonjwa wa kudumu. Wapagazi walishusha marobota ya kola zilizokatwa, wakapandisha kola zilizoshonwa. Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mkali, hakuuliza. Kola zinashuka mbichi zinapanda zimeiva, ya nini kuuliza? Ila siku ya pili alituma ujumbe kwa wapagazi: "Mwambieni huyo wa wodini ncha zake bado butu." Spidi akafumua robota zima, akarudia. Siku ya nne hakukuja ujumbe. Kidole kilikuwa kimeanza kukumbuka.

Hasira haikupungua, lakini sasa ilikuwa na pa kwenda. Aliikanyagia pedali. Ilimuudhi kwamba kazi aliyoajiriwa kuifanya anaifanya kwa kujificha, kama mwizi. Kwamba chuma kizima kinabidi kiitwe kigonjwa ili yeye mzima aruhusiwe kukigusa. Akisikia viatu vya Afisa, Karani alikohoa mara mbili, na Spidi aliruka na magongo yake hadi kwenye mto mwekundu, akaketi, akayatazama maua. Kila aliporuka hivyo alijichukia kwa nusu saa.

Ndipo ikafika siku ya wageni. Afisa alikuwa ametangaza: anakuja mkaguzi kutoka idara ya kazi, pamoja na mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza kama ile sheria imewasaidia watu. "Dada, uvae vizuri. Uwe kitini mapema. Wakikuuliza, umeajiriwa na unaridhika. Basi."

Wageni walipoingia, Bosi mwenyewe aliwapokea mlangoni: mkaguzi, mwanamume mtu mzima mwenye mkoba uliochakaa, na mtafiti, dada kijana aliyevaa miwani mikubwa. Karani alikohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mpaka mkaguzi akamwambia pole.

Spidi alisikia kikohozi. Kola ilikuwa chini ya sindano, nusu imeshonwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye pedali. Haukutoka.

"Na huyu," Bosi alikuwa akisema, mkono umenyooka kuelekea kiti, "ndiye..." Kiti kilikuwa kitupu. "Yuko wapi?" alimwuliza Afisa kwa sauti ya kunong'ona ambayo, kwa koo lake, ilifika ghalani.

"Niko kazini," Spidi akajibu kutoka chini ya ngazi.

Wakamwendea wote. Bosi alikitazama cherehani, akamtazama Daktari. "Hiki kinafanya nini huku?"

"Kina homa, Bosi."

"Kinashona! Nakiona kinashona!"

"Hata mgonjwa hutembea wodini, Bosi. Haina maana karuhusiwa kwenda nyumbani."

Wapagazi wakaangalia pembeni kuficha kicheko. Juu, mngurumo ulianza kupungua. Vichwa vilichungulia kwenye ngazi. Mtafiti aliona nafasi yake, akainama kwa adabu. "Shikamoo, dada. Naomba kukuuliza tu, wewe umeajiriwa hapa?"

"Marahaba. Andika kwamba kiti kimeajiriwa."

"Samahani?"

"Kile pale chenye mto mwekundu. Mimi nilikuwa nakikalia tu ili kisionekane kitupu."

Mtafiti alimtazama mkaguzi, akarudi kwake. "Swali langu linauliza kama mtu ameajiriwa. Haliulizi amepewa kazi gani."

"Basi swali lako linachechemea kuliko mimi. Lipe gongo."

Dada yule akavua miwani, akaifuta. Masikio yakamwiva. Mkaguzi akasema polepole, kama anayejisemea, "Sheria inasema aajiriwe. Haijasema afanye kazi. Nadhani walioiandika waliona hilo halina haja ya kusemwa."

"Waliona vibaya," Spidi akasema.

"Sikilizeni," Bosi aliingilia, ametabasamu kwa meno bila macho, "huyu ni mtu wetu, tunampenda sana. Cherehani hiki ni kibovu, Daktari kasema. Kitatengenezwa, kitarudi juu, na dada atarudi kwenye nafasi yake. Sivyo, Daktari? Kibovu, sivyo?"

Daktari akafungua mdomo kusema ndiyo. Ulikuwa mlango wa kutokea, wote waliuona. Spidi angenyamaza tu, wageni wangeondoka, homa ya vipindi ingeendelea, na yeye angeendelea kushona kwa wizi na kuruka kila Karani anapokohoa.

"Daktari, Mungu akubariki," alisema, "lakini leo tuache uongo. Cherehani hiki ni kizima. Na mimi ni mzima." Akamgeukia Bosi, na sauti yake haikupanda, ilishuka, ikawa nzito. "Siku ile kwenye simu ulisema tunacho kimoja. Nilidhani unasema cherehani, Bosi. Nikaenda kukiomba. Nikaenda kwa huyu Afisa wako, nikamwomba anipe mimi mwenyewe, naye akacheka uvunguni. Sasa mbele ya wageni naomba unisahihishe. Una nini hapa chini? Unacho, au unaye?"

Mashine za juu zilikuwa zimesimama. Mkaguzi alimtazama Bosi, si kwa ukali, ila kama mtu anayesubiri jibu. Shingo ya Bosi ilivimba. Mwishowe akawageukia wapagazi, akarusha mkono kuelekea ukutani, akapaza sauti:

"Kiondoeni! Kiondoeni hicho, yaishe!"

Wapagazi wakatazamana. Yule mkubwa akajikuna kidevu. Kisha wakatembea, bila haraka, wakampita Spidi, wakakipita cherehani, wakafika mapokezi, wakakinyanyua kile kiti chenye mto mwekundu.

"Si hicho!" Bosi akafoka.

"Kipi basi, Bosi?" mpagazi akauliza kwa upole mkubwa. "Umesema kiondolewe. Sisi tumeona hiki ndicho hakina kazi."

Kicheko kilianzia juu, kwa yule msimamizi mkali, kikaporomoka ngazi kama marobota. Bosi angeweza kusahihisha. Neno moja tu, cherehani, lingetosha. Lakini kulitamka mbele ya mkaguzi na miwani ile mikubwa kungekuwa ni kusema: mnyang'anyeni kazi. Akageuka, akaingia ofisini, na safari hii mlango haukufungwa na upepo.

Mtu mmoja huko juu alianza kupiga makofi.

"Nani huyo?" Spidi akauliza. "Hapa kuna harusi? Rudini mkashone." Akaikanyaga pedali, akaimaliza ile kola. Ncha ilitoka kali.

Mkaguzi aliondoka na mkoba wake. Baadaye ikajulikana kwamba kiwanda kilihesabiwa kuwa kimetimiza sheria, kama kilivyohesabiwa zamani, wakati wa kiti. Hakuna kilichobadilika kwenye hesabu yao. Mtafiti alirudi wiki mbili baadaye peke yake, akasema ameongeza swali moja: unafanya kazi gani, kwa mikono yako, saa hizi? Spidi akamwambia hilo lilitakiwa liwe la kwanza, kisha akamwelekeza nyumba ya yule dada mshona vifungo, ambayo Karani aliitafuta kwenye fomu za usaili, akamwambia aende akamwulize huyo naye, na asiende bila mtu anayejua lugha ya alama.

Cherehani kilibaki chini. Hakuna aliyetoa amri kibaki, na hakuna aliyepata ujasiri wa kutoa amri kiondoke. Kile kiti wapagazi walikileta wodini, na Spidi huweka juu ya mto wake kola zilizokwisha. Wifi yake aliposimuliwa alicheka hadi akashika mlango. "Kwa hiyo kiti nacho kimepata kazi! Makalio yako sasa yatakula nini?"

Bosi alikaa muda mrefu bila kupita upande ule. Siku alipopita, alikuwa na mgeni, na kwa ajili ya mgeni akasimama, akatengeneza uso, akasema kwa sauti yake ile kubwa, "Huyu ndiye fundi wetu wa kola. Tunaye huyu, tunajivunia. Hongera, dada, unaendelea vizuri?"

Spidi hakuinua macho. Pembeni yake, chini ya ngazi, palikuwa na nafasi tupu aliyoifagia mwenyewe asubuhi ile, na swichi ya pili ukutani haina kitu.

"Cherehani cha mwenzangu wa vifungo," alisema, "kinashuka lini?"